Aprili ya Moroto

Baba yangu alikwenda Vita ya Kagera akiwa mgambo, akarudi hai. Nyumbani kwetu Tanzania, Aprili 1979 ni mwezi aliong'olewa nduli Idi Amin. Kampala ilianguka tarehe 11, na sherehe za siku hizo nimesimuliwa tangu utoto. Kwa hiyo nilipokwenda Uganda nilitaka kufika Moroto, mji wa eneo la Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi, ambao baba hakuukanyaga.

Nilipanda teksi Mbale alfajiri. Huko teksi ndiyo daladala. Migomba iliisha upesi, ikaja tambarare ya nyasi na migunga, na Mlima Kadam ukajitokeza kulia kwetu. Wachungaji walitembea kando ya lami na shuka zao, fimbo mkononi, kila mmoja na ekicholong, kile kigoda kidogo wanachokalia mchana na kukilalia kichwa usiku.

Kambi ya jeshi ya Moroto niliiona kwa nje tu. Serikali ya Amin ilipoanguka, askari wake walikimbia wakaliacha ghala la silaha. Wamatheniko, tawi la Wakaramojong wanaoishi kuuzunguka mji, wakaingia. Idadi inayotajwa mara nyingi ni bunduki 12,000.

"Tulizichota kama maji," aliniambia mzee mmoja niliyeketi naye chini ya mti. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia kwa Kiswahili cha jeshini, maana baadaye naye alivaa magwanda. "Mwanangu, kabla ya hapo tulikuwa na mikuki, na amatida."

Amatida ni bunduki walizojiundia wenyewe kwa mabomba ya chuma.

Nilidhani silaha zile zilielekezwa mpakani, kwa Waturkana wa Kenya. Mzee akatikisa kichwa. Mwaka 1973, huko Lokiriama upande wa Kenya, Wamatheniko na Waturkana walikuwa wamepatana na kufukia silaha ardhini, na mapatano hayo wanayaadhimisha hadi leo. Waliopigwa zaidi ni Wabokora, Wakaramojong wenzao wa upande wa magharibi, ambao hawakuwahi ghala. Mpaka uliochorwa na wakoloni ulitulia, nyumba ikapasuka kwa ndani. Hili nilikuwa sijalisikia popote, na lilinikaa kifuani siku nzima.

Ng'ombe wa Wabokora wakaswagwa. Mvua nayo ikakatika. Katika njaa ya 1980, madaktari waliopima vifo Karamoja walikuta zaidi ya watu 200 kati ya kila 1,000 wamekufa ndani ya mwaka mmoja. Watoto wachanga walikufa zaidi ya nusu. Mke wa mzee ni Mbokora. Alikuwa ameketi karibu akichambua mtama, na mumewe alipofika hapo katika simulizi aliteremsha sauti.

Serikali imejaribu kuzikusanya bunduki 2001, kisha 2006, na tena 2021 kwa operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Nyingine zilipita mpakani na kurudi, zikiuzwa kwa ng'ombe.

"Babako alifika wapi?" mzee aliniuliza.

"Kampala."

"Huku hakuja mtu upesi. Mlango ulikaa wazi."

Mama akaacha mtama, akanitazama kwa muda. Akauliza kitu kwa Kikaramojong, na mzee akanitafsiria: alitaka kujua kama baba yangu bado yu hai. Nikamwambia yupo, ana ng'ombe wanne. Akaitikia kwa kichwa, akarudia kuchambua.