Kibandiko cha California si marufuku

Wauzaji wengi wa bidhaa za watoto Marekani hudhani kibandiko cha California, kinachoonya kuhusu kemikali hatari, kinamaliza kazi. Hakimalizi. Sheria ile ya 1986, Proposition 65, kwa bidhaa inadai onyo tu. Bidhaa hiyohiyo inaweza kuwa haramu katika jimbo la Minnesota.

Minnesota ilipitisha Amara's Law mwaka 2023. Tangu 1 Januari 2025 imezuia uuzaji wa aina 11 za bidhaa zenye PFAS (kemikali za florini zisizooza kirahisi) zilizowekwa kwa makusudi, zikiwemo za watoto, vipodozi, mazulia na vyombo vya kupikia. Ndiyo, hata kikaango kisichogandisha chakula, kwa sababu utando wake wa PTFE (plastiki ijulikanayo kama Teflon) ni PFAS pia.

Kwenye vipimo ndiko watu hukwama. Kipimo cha florini yote ni cha haraka, lakini huhesabu pia florini ya madini, kwa hiyo majibu ya juu peke yake hayathibitishi PFAS. Agiza kipimo cha florini ya kikaboni, yaani iliyoungana na kaboni kama ilivyo kwenye PFAS, kisha mwulize msambazaji, kwa maandishi, kitambaa kilipakwa nini ili kisipitishe maji.

Risasi, ile metali yenye sumu (lead), ina mtego wake. Kikomo cha shirikisho ni sehemu 100 kwa milioni kwa kila sehemu ambayo mtoto anaweza kuifikia, na 90 kwenye rangi. Ukisaga kifungo chenye sehemu 400 kwa milioni pamoja na kitambaa safi, wastani unaweza kuwa chini ya kikomo, kifungo kikiwa bado kimevunja sheria. Pima kila kijenzi peke yake. Jimbo la Washington nalo hutaka ripoti za kemikali kwa kijenzi, kwa hiyo utayatumia majibu hayo mara mbili.