Nilivyolirekebisha daftari la misaada

Siku ya kwanza ya kugawa misaada mzigo uliisha ndani ya saa mbili, nikarudi nyumbani moyo mweupe. Kesho yake nikamkuta bibi mmoja anayelea wajukuu wanne, hana hata habari kwamba kulikuwa na ugawaji. Tuliowapa walikuwa wenye simu, wenye miguu ya kufika na wenye kifua cha kusukumana.

Orodha ile nikaichana. Tukaanza kupita nyumba kwa nyumba, wawili wawili. Tuliacha kuuliza "mna shida gani?", maana nani hana shida? Tukauliza mambo yenye jibu: jana mmekula mara ngapi, wangapi wanalala hapa, nani ameacha shule, anayewalea watoto ni nani.

Muuguzi aliyejitolea nasi akaja na utepe wa kupimia unene wa mkono, unaoonyesha kama mtoto ana utapiamlo. Unatumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59: unauzungusha katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, mkono ukiwa umelegea. Kati ya milimita 115 na 125 ni njano, mtoto wa kufuatiliwa kwa karibu. Chini ya 115 ni nyekundu, huyo anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, habari ya kifurushi baadaye. Mkono wa mjukuu mdogo wa yule bibi ulisoma 112. Nikarudia mara mbili, nikiomba niwe nimekosea.

"Huyu kamfuata baba yake, mwembamba tu," bibi akaniambia.

"Bibi, vaa viatu, twende naye."

Alitibiwa kwa wiki kadhaa akiwa anarudi kulala nyumbani, na daftari likapata safu mpya ya vipimo.

Kisa cha picha kilinichosha kuliko yote. Mfadhili wetu alitaka watoto wapigwe picha wakipokea. Nikamtumia kurasa zenye namba za kaya na alama za dole gumba, bila jina wala sura. Alinuna, akakaa kimya miezi miwili, halafu akatuma mchango. Hiyo miezi miwili tuliiziba kwa michango yetu wenyewe, na haikutosha.

Siku hizi bibi ndiye mkaguzi wangu. Juzi alinishika mkono njiani: "Mwanangu, ile nyumba ya pembeni mbona hujaiandika?"

Nikafungua daftari. Kweli, haikuwemo.