Nataka kuisikia kwa masikio yangu

Usiku huu hapa Katuba, Lubumbashi, nimehesabu tena akiba. Kwa mtu mmoja dola zinatosha. Kwa wawili bado, na safari hii siendi bila mdogo wangu.

Tunataka kwenda Kyalami, uwanja wa mbio kati ya Johannesburg na Pretoria, mwisho wa juma ambao superbike, pikipiki kubwa za mbio, za Afrika Kusini zinashindana pale. Mimi ni fundi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nafungua na kufunga injini za silinda moja, cc 125, cc 150, za manseba, madereva wa pikipiki wanaobeba watu na magunia ya makala ya kupikia. Mteja akiingia tu getini, kabla hajazima, najua kama valvu zimelegea au cheni imechoka. Sikio ndicho chombo changu cha kwanza. Lakini injini ya silinda nne, cc 1,000, iliyofunguliwa mpaka mwisho sijaisikia bado, isipokuwa kwenye simu, na spika ya simu huiminya sauti ile ikawa mlio wa mbu.

Hamu hii ni ya zamani. Tarehe 18 Aprili 2004 nilikuwa bado najifunza kazi, tukajazana mbele ya televisheni ya bosi kutazama MotoGP, mbio za dunia za pikipiki. Valentino Rossi alikuwa ameiacha Honda iliyompa ubingwa, akapanda Yamaha ambayo wengi hawakuitegemea, na katika mbio zake za kwanza nayo akamshinda Max Biaggi kwa sekunde 0.210. Halafu akasimamisha pikipiki kando ya njia, akaketi chini karibu nayo. Kilichonishika zaidi ni mahali penyewe: Welkom, Afrika Kusini, mji wa migodi ya dhahabu kama sisi tulivyo mji wa shaba. Nikawaza, kumbe huko mtu anafika kwa basi. Mbio zile za dunia hazijarudi Afrika tangu siku hiyo.

"Yaya, tungoje," mdogo wangu ananiambia, "tuweke pesa twende Hispania, tuone MotoGP yenyewe. Tumwone Binder." Namwelewa. Brad Binder ni mtoto wa Potchefstroom, bingwa wa dunia wa Moto3, daraja la pikipiki ndogo, mwaka 2016, na mwaka 2020 kule Brno alishinda daraja la juu katika mbio zake za tatu tu. Lakini pikipiki za MotoGP huundwa kwa ajili ya mashindano, haziuzwi. Superbike hutoka kwenye pikipiki ya dukani, kisha mafundi wanaishughulikia ndani ya mipaka ya kanuni. Mimi nataka kuona mkono wa fundi mwenzangu umefika wapi.

Na kuna hewa. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Kyalami inakaribia 1,500. Huku juu hewa ni nyepesi, injini inapungukiwa nguvu. Pikipiki ikija na kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani, hapa inakunywa mafuta, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi, mpaka nibadilishe jeti, kile kitundu kinachopimia mafuta. Wenzetu wanapima mafuta kwa kompyuta, ila hewa ni hiyohiyo. Nataka kusikia wanavyoifanya injini ipumue vizuri ndani yake.

Tumebishana pia kuhusu mahali pa kusimama. Tukienda Kamalondo kutazama Mazembe, popote ukikaa mpira wote unauona. Kwenye mbio huoni isipokuwa kipande. Njia ya Kyalami ina zaidi ya kilomita nne na nusu. Wakipita wamepita, unangoja mzunguko mwingine. Yeye anataka mstari wa kuanzia. Mimi nataka mwisho wa njia iliyonyooka, pale wanapokamata breki na gia zinashuka moja baada ya nyingine, kwa kuwa pale injini haifichi kitu. Tumekubaliana kufika mapema, siku ya mazoezi, tuzunguke kote kwa miguu.

Ndege ni ya haraka, lakini bei yake inakula siku zote za kulala huko. Tutapanda basi: Kasumbalesa, Ndola, Lusaka, na kuendelea kusini, zaidi ya kilomita 2,000. Kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, ninayo. Viza tutaomba pamoja, yake na yangu, akishapata pasipoti.

Jina Kyalami, nimesoma, linatokana na Kizulu, ikhaya lami, nyumbani kwangu. Ikhaya, kaya. Nimelirudia mara kadhaa peke yangu gerejini.

Aliyebaki kukubali alikuwa Mama. Hataki kusikia neno mbio. Ndiye aliyemuuguza mdogo wangu mara mbili, mguu na bega, baada ya barabara ya Kasumbalesa na malori yake. Jana nilimweleza taratibu: kule hakuna lori wala mbuzi, wote wanaelekea upande mmoja, nje ya kona kuna kokoto za kumpunguzia mwendo anayeteleza, wapo watu wa bendera, na daktari yuko tayari muda wote.

Alinyamaza, akageuza bukari, ugali wetu. Kisha akasema: "Basi mpeleke. Aone barabara ya watu wenye haraka inavyotengenezwa."

Kesho asubuhi tunakwenda kupiga picha za pasipoti yake.