Mama hajaenda uani

Mama yangu hakuwahi kutamka neno choo mbele ya watoto wake wa kiume. Alikuwa anasema "naenda uani", hata baada ya marehemu baba kujenga choo cha ndani na ua wenyewe kubaki wa kuanikia nguo tu. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyotulea. Kwa hiyo siku ya sita ilipotimia hajapata haja kubwa, mimi niliyekuwa nalala chumba cha pili na kumpimia dawa kwa saa, sikuwa na habari. Sikumuuliza, naye hakusema. Alichosema ni kwamba hana hamu ya kula.

Ilikuwa 2022, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga. Mama alikuwa na miaka 67. Saratani ya titi ilikuwa imeonekana miaka mitatu nyuma; titi likatolewa, akatundikiwa dripu za saratani, akapigwa mionzi Dar es Salaam, tukadhani yamekwisha. Halafu mgongo ukaanza kumuuma mpaka akawa analala amekaa. Picha zikaonyesha ugonjwa umefika kwenye mifupa. Tukapewa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu.

Mofini yenyewe naisemea vizuri, maana najua wako wanaoiogopa. Ile ya maji ni chungu sana, na unaivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mama alikuwa anakunywa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku anapata dozi mara mbili, kama tulivyoandikiwa, ili asiamshwe usiku wa manane. Usiku wa kwanza alilala chali, mgongo kitandani, mpaka adhana ya alfajiri. Nilisimama mlangoni namsikiliza anavyopumua. Miezi mitatu sikuwa nimemwona amelala chali.

Ila mofini ikituliza maumivu inatuliza na utumbo. Utumbo husukuma chakula kwa kujiminya kidogo kidogo. Mofini inaupunguza ule mwendo, choo kinachelewa humo ndani, na kadiri kinavyochelewa ndivyo mwili unavyozidi kukifyonza maji, mpaka kinabaki vibonge vikavu. Kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo mwili huzoea. Hili la choo hauzoei. Linakwenda na dawa mpaka mwisho wa dawa. Juu ya hapo Mama alikuwa anameza vidonge vya kuongeza damu, navyo vinafunga, na alikuwa halali wala haketi ila kitandani, na maji alikunywa vikombe viwili kwa siku kwa sababu kila akinywa ilibidi ainuliwe kwenda kukojoa. Hospitali tuliyochukulia mofini hawakutuambia lolote kuhusu choo. Nilikasirika baadaye, nilipojua ni jambo la kutamka kwa dakika moja.

Shangazi ndiye aliyegundua. Alikuja kumwogesha, akaniita jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama yako tumbo limejaa, limekuwa gumu. Hajaenda tangu Ijumaa ile." Nikahesabu. Siku sita.

Nilifanya nililodhani ni sahihi. Nikanunua pumba za ngano, nikamkorogea kwenye uji asubuhi na jioni, kwa kuwa ndivyo tunavyoambiwa wote, kula vyakula vyenye nyuzinyuzi. Kwa mtu mzima mwenye afya na anayekunywa maji, sawa. Kwa Mama, utumbo umelala na maji hakuna, nilikuwa naongeza mzigo nyuma ya lori lililokwama. Tumbo likazidi kuvimba. Shangazi naye akaleta shubiri iliyochemshwa. Mama akapata msokoto wa tumbo usiku kucha, na kitu hakikutoka.

Siku ya tisa kikatoka kitu. Maji. Kidogo kidogo, bila yeye kujua, kwenye kanga na shuka. Nikashukuru Mungu kwamba amefunguka, halafu jioni yake nikaanza kuogopa kwamba anaharisha. Nikaenda duka la dawa mtaani, nikaeleza mama mgonjwa anaharisha, nikauziwa dawa ya kuzuia kuharisha. Nikampa kwa mkono wangu. Vidonge viwili.

Siku mbili zile ndizo zilizoniumiza kuliko zote katika ugonjwa wake. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa sababu ameacha kuswali. Kila akitawadha anajikuta amechafuka tena, akaona haya kusimama mbele ya Mola wake na najisi. Shangazi alimwambia mwenye udhuru ana ruhusa yake, aswali hivyo hivyo; Mama akageukia ukutani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda naangalia mgongo wake, nimeshika chupa ya mofini, na sikuwa na neno.

Aliyetuokoa ni nesi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, wale wanaowafuata wagonjwa majumbani. Alifika na bodaboda, akamwamkia Mama, akaketi kitandani kabisa, si kwenye kiti. Swali lake la tatu lilikuwa, "Bibi, mara ya mwisho kupata choo kigumu ilikuwa lini?" Mama akaniangalia mimi. Nesi akaelewa, akanitoa nje.

Niliporudi alinieleza. Alikuwa amevaa glovu, akapaka mafuta, akapima kwa kidole, na njia nzima ilikuwa imezibwa na bonge kavu. Yale maji niliyoyaona hayakuwa kuharisha. Yalikuwa choo cha juu, kilichoshindwa kupita, kikachuruzika pembeni ya bonge. Kwa maana hiyo ile dawa ya kuzuia kuharisha ilikuwa imekaza pale palipokwisha kukazwa. Hakunigombeza. Aliniambia tu hili huwapata wengi, kwa hiyo mgonjwa wa kitandani aliyefunga siku nyingi, halafu ghafla akaanza kutoa maji, apimwe kwanza kabla ya kupewa chochote.

Mama akapewa mofini yake, tukasubiri nusu saa ishike. Nesi akamweka vidonge vya glisirini kwa nyuma, akasubiri tena, akatoa bonge kwa kidole, kipande kwa kipande, shangazi amemshika mikono. Kazi hii si ya mtu kujifanyia nyumbani bila kufundishwa. Unaweza kumchana mgonjwa. Kesho yake nesi akarudi na maji ya enema, yale ya kuingizwa kwa nyuma kusafisha utumbo. Siku hiyo, saa 10 alasiri, Mama aliomba mambo mawili kwa mpigo: maji ya kutawadha, na uji. Uji alimaliza bakuli.

Baada ya hapo tukaanza upya. "Mkono unaoandika mofini," nesi alisema, "ndio huo huo uandike dawa ya choo, siku hiyo hiyo." Hungoji mgonjwa afunge. Mama akaanzishiwa bisakodili, vidonge viwili saa 3 usiku, kwa kuwa huchukua saa 6 mpaka 12 kufanya kazi, na asubuhi anakuwa tayari. Mofini ilipoongezwa mwezi uliofuata, nesi akaongeza na hii. Kuna kosa jingine tulilifanya hapa, na ni dogo mno mtu hawezi kulifikiria: Mama alikuwa anaimeza na chai ya maziwa, kinywaji chake cha kulalia, na kila usiku tumbo linamsokota. Kumbe kidonge kile kimevishwa ganda ili kipite tumboni kizima kikafanye kazi kwenye utumbo mpana, na maziwa hulilainisha ganda lile mapema. Usikiponde, usikitafune, usikimeze na maziwa wala na dawa za kupunguza asidi. Tukabadilisha kwa maji, msokoto ukaisha.

Pumba nilizitupa. Tulibaki na vyakula vilaini: papai lililoiva, matembele na mlenda, tende zilizolowekwa usiku na maji yake akanywa, juisi ya ukwaju. Maji hatukumlazimisha kwa glasi. Nilimwekea kikombe kidogo cha kahawa, kile kisicho na mkono, na kila nikipita namjazia. Vikombe kumi na tano vile vinapita bila mtu kuhisi amekunywa maji.

Halafu kiti. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na mgongo ule usingeweza. Fundi seremala wa mtaa wa pili alitutengenezea kiti cha mninga chenye tundu na ndoo chini yake, kizuri, imara, na Mama hakufanikiwa hata siku moja. Nesi alipokiona aliangalia miguu. Ilikuwa inaning'inia. Akachukua kigoda changu, akakiweka chini ya nyayo zake, magoti yakapanda juu ya nyonga, akamwambia ainame mbele kidogo aegemeze viwiko kwenye mapaja. Ni kuchuchumaa kule kule, ila umekaa. Na wakati wake ni baada ya chai ya asubuhi, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo nao hushtuka na kusukuma. Mama alisema maisha yake yote alikuwa akienda uani baada ya chai. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Tukaanza kumkalisha dakika kumi, mlango umefungwa, mimi nje kwenye kibaraza na redio imewashwa ili asifikiri namsikiliza. Faragha ni dawa pia, na kwa wanawake wa rika lake labda inazidi kidonge.

Kilichobaki ni mimi kuuliza. Kwenye daftari la mofini nikachora safu nyingine, lakini nilishindwa namna ya kumuuliza, na yeye namna ya kujibu. Mwenyewe akapata njia. Asubuhi moja nilikuwa nakusanya vyombo, akasema, "Andika, mgeni amekuja." Tangu siku ile ikawa hivyo. Mgeni amekuja, mgeni hajaja, mgeni amepita haraka. Safu ile niliiandika "Mgeni". Siku mbili bila mgeni, nampigia nesi. Hatukungoja ya tatu. Na hata siku ambazo alikuwa anakula vijiko vitatu tu niliendelea kuuliza, maana nilijifunza kwamba asiyekula naye hutengeneza choo. Mwili hautegemei chakula peke yake.

Nesi alinipa na mambo ambayo nikiyaona nisimpe dawa yoyote ya choo, nimpeleke hospitali moja kwa moja. Tumbo limevimba, anatapika, na hata hewa haitoki: huenda utumbo umeziba, na kuusukuma kwa dawa ni hatari. Na kwa mgonjwa kama Mama, mwenye saratani kwenye mifupa ya mgongo, kama kufunga choo kumekuja pamoja na miguu kuwa mizito au ganzi, au mkojo kugoma, basi huenda ni uti wa mgongo unabanwa, na kila saa ina hesabu. Akiwa na kiu kisichokatika, anachanganyikiwa, na amefunga, apimwe madini ya kalisi kwenye damu, kwa sababu saratani ya mifupa huyapandisha. Nilibandika karatasi hiyo nyuma ya mlango wa chumba chake. Namshukuru Mungu hatukuitumia.

Mama aliishi miezi kumi na moja baada ya siku ile ya kigoda. Ninayo daftari mbili zilizojaa. Kuna kurasa zenye alama ya chai, na ukurasa mmoja ambapo mwanangu wa darasa la pili aliandika "Mgeni wa Bibi" kwa kalamu nyekundu, kwa sababu siku hiyo nilichelewa dukani na Bibi alimwagiza yeye.

Ninachokumbuka zaidi ni siku moja kwenye mwezi wa nane wa hiyo miezi. Alikuja jirani yetu wa nyumba ya tatu, mama mtu mzima, kumjulia hali. Mume wake alikuwa mgonjwa wa tezi dume na alikuwa ametoka kupewa mofini wiki ile. Nilikuwa namtolea kiti barazani, kumejaa watu, vijana wa bodaboda wamekaa kwenye ngazi, shangazi anachambua mchele. Yule mama akaeleza chupa aliyopewa na jinsi ya kupima. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya dirisha, tulidhani amesinzia. Akainua kichwa kwenye mto, akauliza kwa sauti ambayo hata wale wa kwenye ngazi waligeuka:

"Na ya choo wamekupa?"