Mkuku umeachia, injini itasubiri

Hatimaye mkuku, ule uti mzito wa chini ya boti unaoizuia kupinduka, umetoka. Waliofuatilia kazi hii wanajua nilipokuwa nimekwama: boti ya tanga ya faibaglasi, urefu wa mita 8 na nusu, haitarudi majini tena, naivunja vipande vipande. Mlingoti ulishateremshwa, betri zimetoka, tangi la dizeli limekaushwa, ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti panapotuama maji) imefyonzwa na kufutwa mafuta, hata fataki za dharura zilizopitwa na muda zimeshatengwa zipelekwe kwa wanaoruhusiwa kuziteketeza. Kilichobaki kung'ang'ania chini ni mkuku wa risasi, ile metali nzito na laini. Nati zote zilikuwa zimefunguka, na bado haukusogea hata unywele.

Kuna wanaokata gamba lote, yaani mwili wa boti, kwanza, halafu mkuku wanaushughulikia mwisho ukiwa umelala chini. Kwa boti hii sikutaka. Risasi ndiyo kitu pekee humu kinachorudisha fedha ya maana, na mnunuzi wa chakavu anaitaka safi, bila ngozi ya faibaglasi iliyogandia juu yake. Pia gamba likishapasuliwa linapoteza ugumu, na uzito wote wa chini unabaki umeshikwa na vipande vinavyopinda. Mkuku huu una tani 1.2. Lita moja ya risasi ina uzito wa zaidi ya kilo 11, kwa hiyo tani yote hiyo imejificha kwenye ujazo wa lita 106 hivi. Ukiutazama kwa macho unadhani watu wanne watausukuma. Hawatausukuma, na ukilala upande usioutarajia hakuna atakayeuzuia.

Nati sizielezei sana. Ni bolti za chuma cha pua, kile kisichoshika kutu kirahisi, za milimita 24, nati za spana namba 36, boksi spana yenye mkono mnene na bomba refu la kuongezea nguvu, mafuta ya kupenya yaliyoachwa yakae usiku kucha. Zilifunguka zote bila moto.

Sasa gundi. Waliounganisha mkuku huu zamani walipaka poliyurethani nene sehemu yote inapogusana risasi na gamba. Nilipima eneo hilo, nikapata karibu robo tatu ya urefu wangu kwa upana wa shibiri moja na zaidi, tuseme mita 0.3 za mraba. Hesabu yake inatisha. Gundi ya aina hii hata ikiwa imechoka, ikahimili nyutoni 1 tu kwa kila milimita ya mraba, eneo hilo zima linahimili nyutoni 300,000. Hizo ni kama tani 30. Mimi nina mkuku wa tani 1.2 unaoning'inia. Ndiyo maana nilipoinua gamba kwa mikanda, mkuku ukabaki hewani umeshikwa na gundi peke yake, bila nati hata moja, na ungeweza kukaa hivyo msimu mzima.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifumbua macho. Kuvuta gundi moja kwa moja kuelekea chini ni kupigana na eneo lote kwa wakati mmoja. Lakini gundi hiyohiyo ukiibandua kuanzia ukingoni, nguvu yako yote inakutana na mstari mmoja mwembamba, mstari ukikatika unasogea mbele kidogo, unakatika tena. Kwa hiyo suala halikuwa kupata winchi kubwa zaidi. Lilikuwa kupata ukingo na kuufungua.

Kuufungua ndiko kulikonitesa. Msumeno wa umeme wenye blade ndefu uliingia kiasi cha kiganja, kisha gundi ikaubana na risasi ikajaza meno yake mpaka yakawa laini kabisa. Waya wa chuma wa kuvuta huku na huku ulikata vizuri hadi kwenye bolti ya kwanza, ukaishia hapo. Moto sikuufikiria hata mara moja: poliyurethani ikiungua hutoa moshi wenye sumu, sianidi ikiwemo, na ngama iliyolala na dizeli miaka mingi haifai kukaribiwa na mwali hata baada ya kusafishwa.

Kabari nazo zilinikasirisha kuliko vyote. Kila anayefanya kazi hii atakwambia piga kabari. Nilipiga. Kabari ya chuma inaingia kwa raha kabisa, unasikia inazama, unafurahi, halafu unachungulia na kuona ufa haujapanuka hata kidogo. Kabari imejichimbia ndani ya risasi. Risasi ni laini mno, inaipisha kabari badala ya kusukumwa nayo. Unaweza kupiga nyundo siku nzima, ukaishia kuchonga mtaro kwenye kitu unachotaka kukiuza.

Kilichofanya kazi ni vipande viwili vya bamba la chuma, vyembamba, vipana kama kiganja. Kimoja kinalala juu ya risasi, kingine kinaegemea gamba, na kabari inapita katikati yao ikiwa imepakwa grisi. Bamba linatawanya nguvu kwenye eneo kubwa, risasi haitobolewi tena, na kila milimita ya kabari inageuka kuwa milimita ya ufa. Nilianzia upande wa tezi, yaani nyuma ya boti, ambako mkuku ni mwembamba zaidi na gundi ni kidogo. Nikachimba kwa msumeno kwanza ili bamba zipate pa kuingilia, nikaweka jozi moja kila upande, nikapiga kwa zamu kulia na kushoto hadi sauti ya nyundo ikabadilika na kuwa kali.

Halafu nikaacha! Hili nalisisitiza kwa sababu haraka ndiyo inayowashinda wengi. Poliyurethani ni kama mpira: ukiivuta ghafla inakataa, ukiiachia mzigo ule ule kwa saa nyingi inatambaa polepole. Asubuhi kabari nilizoziacha zimekaza kabisa zilikuwa zinacheza kwa mkono. Unazipiga tena, unaongeza jozi nyingine mbele, unaacha tena. Ufa ukatembea kuelekea omo, yaani mbele ya boti, bila mimi kutumia nguvu kubwa.

Katikati ulisimama, kwa sababu matundu ya bolti yalijaa gundi na bolti zenyewe hazikusimama sambamba. Lakini kufikia hapo ufa ulishakuwa na nafasi ya kupitisha blade, nikazikata bolti palepale kwenye kiungio. Chuma cha pua kinakatwa kwa mwendo wa polepole, ukikandamiza kwa nguvu na kuweka mafuta. Ukikisugua kwa kasi kinajiongezea ugumu na blade inakufa. Na nilichokiona baada ya kukata kinafaa kumkaa akilini kila anayeinua boti ya zamani: juu, chini ya nati, bolti zilikuwa zinang'aa. Ndani ya kiungio, mahali maji yalipokaa bila hewa, mbili kati yake zilikuwa zimeliwa zikabaki nusu ya unene. Chuma cha pua kinahitaji oksijeni ili kijilinde. Ukikifungia kwenye unyevu uliotuama kinaoza kwa siri. Kwa hiyo usiseme kamwe kwamba nati zilizoachwa zimeshika nyuzi chache za mwisho za bolti zitaudaka mkuku ukidondoka. Mimi nilipanga magogo chini yake hadi ukabaki upenyo wa vidole viwili tu, gamba likiwa kwenye mikanda na kwenye viguzo kwa pamoja, na hakuna mkono ulioingia kwenye ufa. Cha kuingia humo ni kijiti. Ulipoachia ulishuka vidole hivyo viwili, ukatua, basi.

Maoni yangu kuhusu zana, kwa kuwa naulizwa. Grinda yenye diski ya almasi inakata faibaglasi haraka kuliko kitu chochote, na ndiyo zana ninayoichukia zaidi katika kazi hii. Vumbi lake linaingia kila mahali. Naitumia tu pale pasipo na njia nyingine, huku maji yakinyunyizwa, na grinda yenyewe ni ya betri. Msumeno wa umeme ni wa polepole, lakini unatoa chembe kubwa zinazoanguka chini badala ya kupaa. Blade ya meno ya kawaida haifai kwenye faibaglasi, nyuzi za kioo zinayala meno. Nunua yenye ukingo uliopakwa chembe za kabaidi. Barakoa iwe ya vichungi vya P3, daraja la juu la kuzuia vumbi laini, inayobana uso vizuri. Ile ya karatasi usijidanganye nayo. Na rangi ya chini ya boti kuukuu usiisugue ikiwa kavu: mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku rangi zenye TBT, kiambata cha bati chenye sumu kwa viumbe wa majini, ulianza kutumika mwaka 2008, na boti iliyopakwa kabla ya hapo inaweza kuwa bado ina tabaka hilo chini ya rangi mpya. Mimi niliikwangua ikiwa imeloa, turubai limetandikwa, na mabaki yote yakaingia kwenye ndoo yenye mfuniko.

Kwa ratiba, kinachofuata kilikuwa injini. Nimeiahirisha. Siku ile ile nilipoona ufa unatembea nilijiuliza: kama gundi inashindwa kwa kubanduliwa, sitaha je? Sitaha ya boti hii ni ya tabaka mbili za faibaglasi zenye balsa, mbao nyepesi sana, katikati, na balsa imeoza karibu na kitako cha mlingoti. Nilichomeka bamba na kabari chini ya ngozi ya juu, nikagonga kidogo, ikainuka. Nikafuatisha mtaimbo, ikatoka karatasi moja nzima yenye upana wa mlango, bila msumeno na karibu bila vumbi lolote. Hilo limebadilisha mpango wangu mzima. Nilikuwa nimejiandaa kuikata sitaha vipande vya mraba, vikubwa na vyenye mapengo ndani, vinavyojaza lori upesi. Karatasi bapa zinalala moja juu ya nyingine, na balsa iliyooza inabaki peke yake.

Lori ni jambo kubwa kwa sababu faibaglasi yenyewe haina mnunuzi. Resini ya poliesta ikishaganda haiyeyuki tena, huwezi kuifinyanga upya kama plastiki ya chupa. Njia ninayoiamini zaidi ni tanuri za saruji: resini inaungua na kutoa joto, kioo kinaingia kwenye saruji kama silika. Ufaransa tangu 2019 ina mfumo ambao wauzaji wa boti mpya huchangia gharama za kuvunja za zamani, mmiliki akibaki na gharama ya kuisafirisha tu, na naupenda kwa moyo wote. Mkataba wa Hong Kong wa kuvunja meli, ulioanza kutumika Juni 2025, unahusu meli za kuanzia tani 500 za ujazo. Vyombo vidogo kama hiki haviguswi nao, ingawa ndivyo vinavyotelekezwa kwenye mikoko na vijito.

Sasa hivi ngozi ya juu imeshabanduka kutoka kitako cha mlingoti hadi karibu na omo. Upande wa tezi balsa bado ni kavu na imeshika, kwa hiyo nitajaribu kabari pana zaidi kabla ya kurudi kwenye msumeno. Mkuku uko juu ya magogo, umefunikwa. Nitaukata vipande vya kubebeka kwa msumeno wa meno makubwa na mafuta, polepole, chembe zote zikidakwa kwenye turubai, na grinda haitaugusa, maana vumbi la risasi sitaki kulivuta.