Siku moja na wagumu: kutoka Barranco hadi Barafu

Saa 11 alfajiri, kambi ya Barranco, Mlima Kilimanjaro. Hema letu wapagazi, wagumu kama tunavyoitwa, lina sakitu juu, ndani tumebanana, na heri tubanane maana joto letu ni hilohilo. Uji wa moto, kisha kazi.

Saa 2 wageni wakaondoka na waongozaji wao. Sisi tukavunja kambi na kugawana mizigo. Kanuni ya hifadhi ni kilo 20 kwa mpagazi. Mimi nilipata hema la kulia chakula, kichwani, na begi langu la nguo mgongoni. Wageni tuliwapita kwenye Ukuta wa Barranco. Wao wanaukumbatia mwamba kwa mikono yote miwili, sisi mkono mmoja umeshika mzigo. Najivunia sana pale, sifichi.

Saa 5 tukawa bonde la Karanga. Hapa ndipo penye maji ya mwisho. Kambi ya Barafu, tunakokwenda, hakuna kijito wala chemchemi, kwa hiyo kila kikombe cha chai kinachonywewa kule kimepandishwa na mtu kutoka bonde hili. Wanaopanda wengi hawalijui hilo.

Saa 8 mchana, Barafu, zaidi ya mita 4,600. Mahema yamesimama, nimeshavua buti. Mgeni mmoja akaomba maji ya moto, aoshe nywele, kwa kuwa alfajiri atapiga picha kileleni. Mwongozaji akamweleza maji yanatoka wapi. Akajibu kwamba amelipia huduma kamili. Akapewa beseni. Akaomba la pili, la kusuuzia. Mpishi akapiga hesabu ya yaliyobaki: supu ya jioni, chai ya usiku, chupa za safari ya kileleni. Hayatoshi.

"Wadogo zangu, itabidi mshuke tena Karanga."

Nikafunga kamba za buti, sikusema neno.

Kushuka hakuna shida. Kurudi na dumu la lita 20 ndiyo kazi. Maji hayatulii kama mzigo wa hema: ukikanyaga kushoto yanakimbilia kulia, na shingo ndiyo inayoyarudisha. Kifuniko cha dumu langu kilikuwa kinavuja, tone moja moja likiingia kwenye kola, na upepo wa jioni ukaifanya ile shati kama bati. Tulikubaliana hatua mia ndipo tupumzike. Zikawa hamsini. Baadaye hatukuhesabu tena. Mwenzangu, kijana wa Kibosho, akaanza kunyamaza, na huko juu mtu akinyamaza usimwache, huenda mlima umeshamshika. Nikamuuliza habari za migomba ya kwao, mama yake, mbuzi, chochote, alimradi ajibu. Alijibu mpaka tunaziona taa za kambi.

Ilikuwa giza. Saa sikuitazama. Mpishi akapokea madumu, akasema "Pokeeni shikamoo zangu, wagumu," akatupakulia ugali na dagaa.

Karibu na saa 6 usiku wageni wakanywa chai, wakaanza kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Niliwaombea wafike wote, na yule wa nywele pia, maana maji ya kwenye chupa yake niliyapandisha mimi. Wapagazi wengi hatuendi kileleni. Tulilala, kwa sababu wakisharudi kambi inavunjwa tena, tunashuka kwa njia ya Mweka, na mteremko ule unataka magoti.