Lantana pembezoni mwa msitu wa Rondo

Mwezi uliopita nilipanda tena kwenye uwanda wa juu wa Rondo, magharibi ya mji wa Lindi, kusini mwa Tanzania, na kabla sijaufikia msitu wenyewe nililazimika kupita katikati ya vichaka vya lantana, mmea uliotoka Amerika ya Kati na Kusini na kuenezwa duniani kwa ajili ya maua yake. Ndege hula matunda yake meusi na kusambaza mbegu, nazo huota popote palipo na mwanga. Hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapoingia: kiangazi kikirefuka, moto wa mashamba hupenya msituni kwa urahisi zaidi, miche ya miti ya asili kama mvule huungua, ilhali lantana huchipua upya kutoka shinani. (Si kila mgeni ni adui; mkorosho unaotulisha sisi wa Kusini asili yake ni Brazili.) Chini ya vichaka vile sikuona mche hata mmoja wa mvule. Mzee aliyenipokea huing'oa lantana Desemba, ardhi ikiwa imelainika, lakini mvua zikichelewa jembe hugonga udongo mkavu na mizizi hukatikia chini.